Radhi ya Jumla

Kikwajuni, Unguja
3 Februari 2025

Kwa mwenzangu Nasimiyu,

Natumai barua hii inakukuta mzima na miguu imepungua kuvimba. Mimi sijambo, ila sukari yangu inapanda na kushuka itakavyo. Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Simu ya hapa nyumbani ni ya wajukuu. Kila kinachoingia wanakisoma na kuwasomea majirani, na hili nilotaka kukwambia si la majirani. Nimempa Ibrahimu, yule anayepeleka na kurudisha mizigo ya Doha kila wiki. Kasema atakufikishia mpaka langoni.

Khabari ni hii: jina langu limetoka. Mwaka huu, Mungu akipenda, nakwenda Hija. Miaka sita nimedunduliza, naweka na sigusi, hata paa lilipovuja sikugusa. Mwanangu aliposoma jina langu kwenye ile karatasi nilikaa chini palepale uani.

Wewe umekaa na sisi, unaijua desturi yetu. Mtu hatoki kwenda kule na haki za watu shingoni. Nimezunguka mtaa mzima kutaka radhi, mpaka kwa muuza mkaa niliyemtukana zamani. Sasa nimefika kwako. Tumelala chumba kimoja miaka kumi na moja katika nyumba za hoteli, tumefua mashuka ya watu tusiowajua, tumegombana na tumepatana. Nakuomba unisamehe kila nilichokukosea, kikubwa na kidogo, unachokijua na usichokijua, cha mbele yako na cha nyuma yako. Niandikie kwa mkono wako kwamba umesamehe, niende na maneno yako mfukoni.

Ni mimi mwenzio,
Time


Muaither, Doha
12 Februari 2025

Bi Time,

Ati umezunguka mtaa mzima kuomba radhi. Ungenipa mimi hiyo orodha, ningekuongezea majina.

Nimekusamehe. Nimekusamehe birika langu uliloliunguza ukalificha nyuma ya kabati hadi Pasaka. Nimekusamehe kukoroma miaka kumi na moja. Nimekusamehe lile gauni langu la kitenge ulilolipiga pasi likabaki na alama pale pa kukalia, nikaenda nalo kanisani na hakuna aliyeniambia. Ninayoyajua na nisiyoyajua, yote. Mimi Nasimiyu Wafula nimeandika haya kwa mkono wangu nikiwa na akili zangu. Nenda Hija, na ukifika huko unitaje, kwa sababu nahitaji kutajwa.

Nahitaji kwa sababu nimepewa barua. Hoteli imesema wafanyakazi waliopita miaka sitini hawatalala tena kwenye nyumba za wafanyakazi. Kazi ninaweza kuendelea nayo, mkataba wa mwaka mmoja mmoja, lakini kitanda hakuna. Kufikia tarehe thelathini Aprili niwe nimetoka, na niwe nimeleta karatasi ya upangaji yenye jina langu. Bila hiyo karatasi mkataba haurudiwi, ninakatiwa tiketi ya kurudi nyumbani.

Nyumbani gani? Unajua shamba la Webuye shemeji zangu walilipanda miwa mpaka mlangoni kabla matanga ya mume wangu Wafula hayajaisha. Kazi yangu iko hapa, kanisa langu liko hapa. Nimefua mashuka ya mji huu miaka ishirini na minne na sasa mji unaniuliza nitalala wapi.

Nimeanza kutafuta chumba, na hasira niliyo nayo sina pa kuiweka. Kila tangazo limeandikwa familia tu. Nikipiga simu wananiuliza mko wangapi. Nikisema niko peke yangu wananiambia basi wewe ni bachela, na jengo letu halichukui bachela. Mimi, mama wa watoto watatu, nyanya wa wajukuu saba, bachela. Nikaenda kwa hao bachela wenyewe, kwenye nyumba za wasichana ambako mtu analipia kitanda tu. Kitanda kilichobaki ni cha juu. Nikamuuliza yule binti mwenye chumba kama anataka nipande ngazi hiyo kwa magoti haya. Akaniambia, na alikuwa na adabu zake zote, "Shosho, labda utafute mahali pa watu wa rika yako."

Doha hakuna mahali pa watu wa rika yangu. Tuliambiwa tuje tukiwa vijana na tuondoke kabla ya kuzeeka, na mimi hiyo ya pili nimeikosea.

Anayenisaidia ni Sabra, binti wa kwenu Makunduchi aliyeletwa kwetu kwenye dobi ya hoteli mwaka jana. Ananisomea matangazo ya Kiarabu na kunikataza kuwatukana madalali.

Nasimiyu


Kikwajuni
21 Februari 2025

Mwenzangu Nasimiyu,

Barua yako nimeipokea na nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti mbele ya mwanangu na jirani yangu, wapate kushuhudia kwamba umenisamehe yote. Nimeifunga kwenye nailoni na kuiweka pamoja na pasipoti. Mungu akulipe.

Hayo ya nyumba yamenichoma. Mtu mzima kuulizwa maswali na watoto. Lakini nisikilize, maana mji huo naujua. Tafuta hukohuko Muaither karibu na basi la kazini. Mtaa wa Najma usijisumbue nao, nasikia vyumba vya kule siku hizi vimegawanywa kwa mbao tupu. Na madalali wanaotaka cheki uwaepuke. Tafuta anayepokea taslimu, mwezi kwa mwezi, akupe karatasi yako mkaachana. Cheki zina mambo yake, na benki mtu akiingia kuuliza moja huambiwa kumi.

Na yule Cyrus wa Najma niliyepanga kwake kabla ya kuondoka, huyo usimsogelee kabisa. Ana maneno mengi.

Nakuombea kila sala.

Time


Muaither
9 Machi 2025

Bi Time,

Ramadhani njema. Nakuandikia nikiwa na hasira, kwa hivyo kama mwandiko ni mbaya ujue ni kwa nini.

Chumba kilipatikana. Kiko hapahapa Muaither, dakika tano kutoka basi la kazini. Chumba cha chini, mlango wake mwenyewe, dirisha linalofunguka. Dalali ni Mganda anaitwa Paul, kijana asiye na majivuno. Mwenye nyumba hakujali bachela wala umri. Alitaka kitu kimoja: cheki kumi na mbili za mwaka mzima, kila moja na tarehe ya mwezi wake. Hapa hakuna chumba chenye karatasi bila cheki, Time. Hao wa taslimu ulioniambia wapo, lakini karatasi hawatoi, na mimi bila karatasi siko mahali.

Nikaenda benki yetu ya sasa kuomba kitabu cha cheki. Wakanikataa. Jeremiah wa kwaya yetu anafanya kazi pale, akaniita pembeni akanionyesha kwenye kompyuta. Jina langu ni chafu. Mwaka 2018 cheki yangu ya benki ya zamani ilipelekwa ikakuta akaunti tupu, ikarudishwa. Kodi ya miezi tisa, imeandikwa hivyo. Benki ile ilinitafuta kwa namba ya simu niliyokwisha kuiacha. Nishukuru haikupelekwa polisi, ndivyo Jeremiah alivyoniambia, kana kwamba nimepewa zawadi.

Miaka saba nimetembea mji huu kama mtu safi, na kila benki ilikuwa inajua mimi ni mtu wa aina gani isipokuwa mimi mwenyewe.

Nilirudi nikapekua sanduku langu lote mpaka nikapata vile vipande vinavyobaki kwenye kitabu cha cheki. Namba ni ileile. Kwenye kipande nimeandika: Time, dhamana, Najma.

Utakumbuka. Ulipoacha hoteli ukaenda kupikia majumbani ulikuwa unalipwa mkononi, benki huna. Cyrus akataka cheki ya dhamana ndiyo akupe chumba. Nikakuandikia yangu, sahihi tu, tarehe wazi na kiasi wazi, kama tunavyofanyiana sote huku. Hiyo ni karatasi ya kulala kwenye droo ya mwenye nyumba, mpangaji akihama anapewa. Siku unasafiri ulinipigia kutoka uwanja wa ndege ukaniambia, "Cheki yako nimeichukua na nimeichana, usiwe na wasiwasi." Ndiyo maana hoteli ilipohamia benki nyingine nilitoa pesa zangu zote nikaiacha akaunti ile bila kitu.

Sasa Cyrus alipeleka cheki gani benki, ikiwa wewe uliichana? Ameghushi. Hakuna maelezo mengine. Ameweka sahihi yangu kwenye karatasi nyingine na kuniharibia jina, na leo mimi ndiye ninayefukuzwa kitandani. Jumapili ijayo siko kazini, ninaenda polisi kumshtaki. Nakuomba uniandikie ushahidi: uliichana siku gani, mahali gani, na nani alikuona. Paul amekubali kuningojea siku chache. Harakisha.

Nasimiyu


Kikwajuni
13 Machi 2025

Nasimiyu,

Usende polisi. Nakuomba kwa Mungu tunayemuabudu sote wawili. Ukimshitaki mtu kwa kughushi na mambo yakageuka, ni wewe utakayelala ndani.

Ushahidi sitoweza kuandika kwa sasa. Nimefunga na presha imepanda. Hayo ni ya zamani, tuyaache yalale. Nimefikiri kitu chengine: njoo Unguja. Chumba changu cha uani kipo, kina mlango wake na choo chake. Utakaa bure. Mwanangu nimeshamwambia. Una haja gani ya kuendelea kubembeleza watu wasiokutaka?

Time


Muaither
24 Machi 2025

Time,

Sikuenda polisi. Nilienda kwa Cyrus.

Nilimwita mwizi mlangoni mwake, wapangaji wake wakisikia. Nilimwita mengine pia ambayo kanisani sitayataja. Aliningoja mpaka nikamaliza, kisha akaniletea kiti na glasi ya maji, akaenda ndani akarudi na bahasha. Ndani ya bahasha ilikuwa cheki yangu. Si ya kughushi. Sahihi yangu, na ule mkia wa herufi ya mwisho ninaouvuta vibaya. Imebanwa pamoja na karatasi ya benki ya kuirudisha.

Nikamwambia haiwezekani, alipewa Time akaichana. Akaniangalia kwa huruma, na hiyo huruma ndiyo iliyoniuma kuliko yote. Akasema, "Mama, rafiki yako hakuniomba hiyo cheki. Nilimwambia mkataba una miezi tisa imebaki, akaniambia, Nasimiyu atalipa."

Nasimiyu atalipa.

Nilimwomba Cyrus msamaha. Unaona uliponifikisha? Chumba chako alikipangisha wiki hiyohiyo kwa wasichana wawili, na bado alikaa akajaza miezi tisa kwenye karatasi yangu apate kula mara mbili. Mtu huyo ndiye niliyemwomba msamaha, kwa sababu nilimwita mwongo na siku hiyo alikuwa anasema kweli.

Nimerudia barua zako zote. Usiende Najma. Usimsogelee Cyrus. Ukiingia benki utaambiwa kumi. Ulijua. Nilipokuandikia kwamba ninafukuzwa ulijua ni kwa nini nitakosa chumba, kabla mimi sijajua, na ukaniambia unaniombea. Nilipokuomba ushahidi nikiwa karibu kwenda kumsingizia mtu polisi, ukaniambia umefunga.

Na ile radhi. Kikubwa na kidogo, ninachokijua na nisichokijua. Ulikuwa unanunua kwa jumla ili nisikague kilichomo. Birika nililitaja mimi, gauni nililitaja mimi, wewe hukutaja chochote. Itoe hiyo barua yangu kwenye nailoni na umwambie mwanao na huyo jirani kwamba Nasimiyu amesamehe birika na gauni na kukoroma. Cheki hakuisamehe, hakuonyeshwa. Tiketi yako ya kwenda kumzika mama yako nilichanga mimi nusu, na nusu hiyo sikudai, wala leo siidai. Ninachodai ni ile simu ya uwanja wa ndege.

Chumba chenye dirisha kimekwenda. Paul aliningojea siku nne, kisha akampa mwalimu mmoja Mfilipino, na simlaumu.

Chumba chako cha uani kaa nacho. Sikuomba kufugwa. Niliomba kupanga, kwa pesa yangu, katika mji ninaofanya kazi.

Nasimiyu Wafula


Kikwajuni
5 Aprili 2025

Nasimiyu,

Naandika bila salamu kwa kuwa sijui kama utazipokea.

Sikuichana. Wala sikuiona. Asubuhi ile walinipigia kwamba mama anakata roho. Nilikwenda kwa Cyrus kumuaga, akasema cheki haitoki mpaka mkataba ulipwe. Nilikuwa na tiketi na riyali za teksi. Nikamwambia neno lile alilokwambia. Nililisema, simsingizii. Nililisema ili anipishe mlangoni.

Uwanja wa ndege nilikupigia nikwambie ukweli. Ulipopokea ulikuwa unalia kwa ajili ya mama yangu, unalia kuliko mimi. Nikashindwa kukuongezea jengine juu ya lile. Nikasema nimeichana.

Nilinuia kumtumia Cyrus pesa kutoka huku. Mwezi wa kwanza tulikuwa na msiba, wa pili sikuwa na kazi. Mwaka ukapita, hukusema kitu, nikajiambia karatasi ile ameshaitupa. Halafu vyumba vyangu viwili vikapata wapangaji nikaanza kushika pesa, na hapa ndipo penye kosa langu hasa, Nasimiyu. Pesa za kukulipia zilipopatikana, nikaziita za Hija.

Nilimwendea shehe wetu na barua zako zote. Nikamsomea ile ya kunisamehe. Akaniuliza, "Ulimtajia?" Nikamwambia nilimtaka radhi kwa kila kitu. Akaniuliza tena, "Ulimtajia?" Hakunigombeza. Alinifungulia mlango tu nikatoka.

Jina langu nimelifuta. Waliponirejeshea pesa nimempa Ibrahimu azikabidhi kwa Cyrus mkononi, miezi yote tisa, na Cyrus akupe cheki yako. Mwanangu amekasirika na mimi, anasema ningekwenda kwanza na kulipa baadaye. Baadaye ndiyo neno nililolitumia miaka saba.

Sikuombi kitu katika barua hii.

Time


Muaither
28 Aprili 2025

Time,

Ibrahimu alifika. Cyrus alihesabu, akanipa cheki na barua kwamba hadai. Nilikimbia benki kama msichana. Jeremiah akaiingiza kwenye kompyuta mbele yangu, akanigeuzia nione mwenyewe. Pale palipoandikwa imerudishwa sasa pameandikwa imelipwa. Nikamwambia sawa, lete kitabu cha cheki. Akainamisha kichwa. Imelipwa, mama, lakini haijafutika. Itakaa hapo kwa muda, na muda ukiisha utaomba tena. Muda gani? Hajui. Anayejua ni nani? Hajui.

Deni la mtu mwingine limelipwa kwa pesa ya Hija na bado mimi ndiye nisiyeaminika. Mbele ya yule kijana nilisema mambo ambayo nitamwomba msamaha Ijumaa kwenye mazoezi. Nilimwuliza hiyo kompyuta yake inajua kwamba sijawahi kukosa siku ya kazi? Inajua nimelipa zaka bila kuambiwa? Inajua ni miaka mingapi nimekunja mashuka ya hao hao wanaokaa kwenye viti vya juu vya benki yake? Haijui. Inajua siku moja tu ya maisha yangu, siku ambayo sikuwepo.

Wiki tatu nimezunguka tena kutafuta chumba. Mmoja alinitaka nilete mume. Mmoja alikubali kila kitu, tukapatana mpaka kodi, alipoona mwaka wa kuzaliwa kwenye kitambulisho akaniuliza nikifa humo ndani nani ataitwa. Nikamwambia amwite anayeitwa vijana wakifa. Nacho kikapotea.

Juzi akanipigia Cyrus. Chumba kimoja kimekuwa wazi. Hahitaji cheki kumi na mbili, hahitaji benki, karatasi ya upangaji atanipa yenye jina langu. Katika Doha hii yote, mwenye nyumba pekee asiyejali benki inasema nini kunihusu ni yule aliyenipeleka benki. Ni chumba chako, Time. Cha mbao, dirisha linatazama ukuta. Kodi imepanda.

Alitaka jambo moja. Dhamana. Cheki ya mtu mwenye jina safi, ikae kwenye droo.

Nilikuwa ninamweleza Sabra kwa hasira tu, kwenye basi, si kwa kumwomba. Sijamaliza kueleza, ameshatoa kitabu chake kwenye mkoba, kalamu iko mkononi. "Shangazi, niandike jina la nani?" Ana miaka thelathini na moja. Amepata kitabu hicho Januari. Nilitaka kumpiga. Nikamweleza yote, wewe na mimi na Cyrus, tangu mwanzo, na nikamwambia hivi ndivyo jina la mtu linavyokwisha. Alisikiliza mpaka tukafika kazini. Kisha akauliza tena jina la nani.

Nilimlazimisha aandike tarehe na aandike kiasi. Cyrus akataka viwe wazi, tukabishana saa nzima, mwisho akakubali kiasi cha miezi miwili, basi. Hicho nimeshinda. Lakini niliichukua, Time. Tarehe thelathini ilikuwa imebaki siku mbili, na niliichukua kwa mkono huu nikampa. Ninaweza kuanguka kwenye mashine kesho. Hoteli inaweza kuchoka na mimi Desemba. Na siku hiyo atakayeulizwa ni mtoto wa watu ambaye hajanikosea lolote.

Kwa hivyo sasa ninajua ulivyosimama kwenye ule mlango. Usidhani kujua kumenipunguzia hasira. Imeongezeka, kwa sababu haiishii kwako tena. Matajiri wana benki za kuwadhamini. Sisi wametuachia tudhaminiane, mpaka mmoja akianguka amwangukie aliyempenda.

Unataka radhi yangu, najua, hata kama umesema huombi. Nitakuambia ilipo. Mwandikie Sabra. Mtajie ulichofanya, kwa mkono wako, bila jumla. Umwekee mbele yake jina lako kamili na mahali unapopatikana, umwambie mimi nikianguka yeye amfuate nani. Nitaisoma mimi kwanza.

Nasimiyu


Kikwajuni, Unguja
6 Mei 2025

Kwa Sabra, kwa dobi ya hoteli, Doha
(Bi Nasimiyu asome kwanza)

Mwanangu Sabra,

Hunijui. Mimi ni Time Khatib Silima, nina miaka sitini na nne. Nilifanya kazi hapo ulipo, kwenye mashine ya tatu kutoka mlangoni, ile inayovuja.

Mwaka 2018 Bi Nasimiyu alinidhamini kwa cheki kama ulivyomdhamini wewe. Nilivunja mkataba nikaondoka, nikamwachia yeye deni, nikamdanganya kwamba cheki nimeichana. Miaka saba sikumwambia. Mwaka huu nikamtaka radhi bila kumtajia, akanipa, nikaichukua nikijua si yangu. Amekosa chumba kwa sababu yangu. Hayo ndiyo niliyofanya, sijayapunguza.

Sasa sikiliza. Cheki yako ni ya miezi miwili. Bi Nasimiyu akiumwa, akifukuzwa, akifa, au akikimbia kama nilivyokimbia mimi, Cyrus akikupigia usimlipe na wala usimfuate Bi Nasimiyu. Nifuate mimi. Chumba changu cha uani nimekipangisha tangu tarehe mosi, na kodi yake naiweka kwa jina lako mpaka ifike miezi miwili ya huko. Mwanangu na shehe wetu wameshuhudia, nao wametia sahihi zao nyuma ya karatasi hii ili usinitegemee kwa neno langu peke yake, maana neno langu unalijua sasa lilivyo.

Siku cheki hiyo itakaporudi, ipokee wewe mwenyewe. Usikubali mtu akuchanie.

Nyumba yangu Ibrahimu anaijua, ni ya pili baada ya kinyozi, mlango wa kijani. Mahujaji wa mtaa wetu wanaondoka mwisho wa mwezi huu, na mimi nitakwenda kuwasindikiza kisha nirudi. Ukinihitaji siku yoyote, utanikuta. Mwaka huu sendi popote.

Time Khatib Silima